Lango la Wasomi na Madaftari Yangu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomfukuza bibi wa watu barabarani ili nipige picha ya lango. Usicheke kwanza. Jana, na cheti chako kipya mkononi, nilikusikia ukimwambia yule binti wa DeSoto aliyekuomba msome pamoja, kwenye simu, "Sorry, mimi nili-study peke yangu," ndiyo maana nimekuita ukae hapa.

Wakati huo sikuwa nimekuzaa. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi kwa jaribio la kwanza, na kichwa kilikuwa kimenivimba ajabu. Kanisani Wakenya wenzangu walinikatia keki. Cheti nilikitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni angekiona kabla hata ya kuketi. Jirani yangu pale mtaani Gulfton, Furaha, alikuwa ameanguka mtihani huo mara mbili. Kwao Bukavu, Kongo, alikuwa muuguzi wa miaka mingi. Hapa Houston alifagia wodi ambazo angeweza kuzisimamia. Alikuwa ameshasema kwamba akianguka tena ataacha kabisa. Akaja kuniomba.

"Dada, kazi ninaijua," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao. "Ni ile maswali yao njo inanisumbua. Tusome pamoja, hata siku moja moja."

Nikamjibu kwamba mimi sikusaidiwa na mtu. Akasema "aksanti", akashuka ngazi taratibu.

Mwezi huo nilifunga safari na Lin, muuguzi mwenzangu aliyeishi Sugar Land, kwenda kwao China. Baba yake, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu, alitupeleka kuona lango la kale la mawe lililojengwa kuwaenzi wasomi waliofaulu mitihani ya makaizari. Jamani, lile lango! Nguzo nne nene, simba wa mawe chini yake, na juu majina yamechongwa kwa subira ambayo sijaiona tena popote. Lin alinieleza kwamba watahiniwa walifungiwa katika vijumba vidogo siku kadhaa wakiandika, na wengine walirudia mtihani mpaka mvi zikawaota. Na mimi niliyekuwa nikijipiga kifua kwa mtihani wa siku moja!

Lakini watu walikuwa wakipita chini yake hivi hivi, na baiskeli, na mizigo ya mboga. Nikampungia mkono bibi mmoja mwenye kikapu cha vitunguu asogee, picha itoke safi. Kisha nikamuuliza mzee kwa nini mahali pa heshima namna hii hapajazungushiwa ua.

Lin akatafsiri. Mzee akanitazama, akacheka kidogo.

"Mimi nilipita hapa kila siku nikienda shule," alisema. "Ulitaka nizunguke wapi?"

Akaenda kumsaidia yule bibi kikapu chake. Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Picha sikuipiga. Nilikuwa nikimwona Furaha akishuka zile ngazi mikono mitupu.

Tulipotua Houston, hata sanduku sikulifungua. Nilibeba madaftari yote nikampelekea. Furaha alinifungulia, akayatazama, akaondoa nguo za watoto mezani. Tukasoma kila Jumamosi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nusu ya niliyoyajua nilikuwa nimeyakariri tu; yeye aliyajua kwa mikono. Akafaulu.

Na siku ulipozaliwa, miaka michache baadaye, ulitoka kimya, kitovu kimekuzunguka shingoni. Aliyekishika kitovu hicho akakitoa, akakusugua mgongo mpaka ukalia, alikuwa Furaha, muuguzi wa zamu siku hiyo.

Basi nakuambia waziwazi. Furahia cheti chako, kitundike, keki nitaileta mwenyewe. Ila mtu akikuomba umfundishe, mfundishe, tena mapema, kabla hajachoka kuomba. Huyo binti wa DeSoto mpigie sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa.

Mungu akubariki kwa elimu uliyoipata, mwanangu, na aifanye lango, akupe wengi wa kupita chini yake.