Mwimbaji Aliyemjua Doa

Juzi nilimkuta binti yangu Neema analia mbele ya simu, akimsikiliza mwimbaji mwenye sauti ya mashine ya kusaga. Nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu mnadani Katesh, vumbi na harufu ya nyama choma, na mzee mwenye zeze aliyekwaruza sauti kuliko mbuzi wote wa Hanang.

Mama alisimama mbele yake, akasahau chumvi tuliyoifuata. Niliona wazi kwamba yule mzee ana dawa, na anataka kuondoka na mama yangu. Nikang'ang'ania kanga yake kwa mikono miwili.

Mara akaimba jina la Doa, ng'ombe wetu aliyekufa akizaa. Mama akabubujikwa na machozi.

"Mama, twende! Amemjuaje Doa? Mchawi huyu!"

"Nyamaza wewe. Nilimtajia mimi mwenyewe asubuhi, na maziwa nikampa ili amwimbe. Nani mwingine angemlilia ng'ombe wangu mbele za watu?"

Sikuelewa hata chembe, kanga sikuiachia mpaka nyumbani. Siku hizi naelewa, ndiyo maana nilimuuliza Neema, "Na wewe huyu ulimtajia nini?"

"Baba jamani, hata hanijui."

Eti hanijui! Nikasogea karibu, nikamshika sweta kwa mikono miwili, kama ile kanga ya mama.