Nyumbani ni Wapi, Mama?

Mama yangu, mjane, alikuwa anakula ugali wake kwa amani nilipomuuliza, "Mama, ukisema nyumbani, hasa unamaanisha nini?" Sijawahi kuuliza swali la kijinga kuliko hilo, na mimi ndiye niliyewahi kumuuliza fundi wa stima kama waya unauma.

Swali halikuwa langu. Nilipewa na mshauri wa falsafa, mwalimu fulani anayekutana na watu Jumamosi katika chumba kilicho juu ya duka la dawa, mtaani Donholm. Mimi nimeishia kidato cha nne, tena ni mtu wa kukaa ndani. Kufika huko tu kulikuwa safari. Lakini mama alikuwa akinililia nimrudishe kwake kijijini, magharibi, nami sikutaka. Nilisingizia presha yake, eti daktari yuko karibu.

Mwalimu hakunipa jibu. Alisema shida nyingi hujificha ndani ya neno ambalo hatujalifungua. "Muulize anamaanisha nini, halafu unyamaze." Nikatoka nikijiona msomi. Njiani nikasahau ile sehemu ya kunyamaza.

Mama alisema nyumbani ni pale baba alipozikwa. Nikamwambia hilo ni kaburi. Akasema pana nyumba yake. Nikamwambia imefungwa.

"Ndiyo. Haijatoa moshi tangu Krismasi. Watu watadhani nimekufa."

"Basi nyumbani ni moshi?"

Nilikuwa nafurahia, Mungu anisamehe. Nilidhani hivi ndivyo wenye akili wanavyokula chakula cha jioni.

Mama akarudisha tonge kwenye sahani. Kwetu, wanaomuuliza mjane nyumbani kwake ni wapi ni mashemeji wanaotaka kumtoa shambani. Baba alipozikwa walimuuliza, naye akawajibu kwa kukaa papo hapo. Sasa alikuwa anaulizwa na mtoto wake.

"Kumbe hata wewe," alisema.

Tangu hapo anaishi nami kwa adabu ya mgeni. Anaomba chumvi. Anaomba ruhusa ya kuwasha redio. Asubuhi anakunja blanketi, analiweka juu ya begi lake, anaketi kando yake. Nimeomba msamaha mpaka nimechoka kujisikia. "Hakuna neno, baba," ananijibu.

Jana nilimkuta jirani wa mlango wa pili akianika nguo kwenye korido. Nikamweleza yote, pamoja na ile falsafa. Nikamwambia Jumamosi narudi kwa mwalimu nikatafute swali bora zaidi. Alisikiliza huku akikamua suruali ya mumewe, kisha akasema:

"Wachana na maswali, ndugu yangu. Wewe unaogopa tu kubaki kwa hii nyumba peke yako. Mpeleke mama yako akiwa bado anatembea, ama utampeleka kwa sanduku."