Picha ya Nyota Iliyosafishwa

Habari zenu wasomaji. Naomba mtulie kidogo, maana bado nina hasira.

Juzi kwenye duka la picha hapa Bariadi, mwalimu mmoja alileta flashi yenye picha ya nebula, yaani wingu la gesi kule kwenye nyota. Kaipiga na kuitengeneza mwezi mzima awaonyeshe wanafunzi wake, na nakala ni hiyo moja. Fundi akamtolea karatasi ya bluu tupu.

"Nimekusafishia, mwalimu. Ilijaa madoa."

"Ngosha, zile ni nyota!"

"Na bluu nimeweka ile ya picha za paspoti."

"Ya mwanzo iko wapi?"

"Nimesevu juu yake."

Mwalimu akashika kichwa. Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa tayari na wajukuu, nikasoma jina la faili kwenye kompyuta: NEBULA USIGUSE. Fundi ana cheti cha sekondari.

Haya, naenda kuchukua paspoti zangu kwake. Nitarudi, kama ameniachia pua.