Maboksi ya Simioni katika Nyumba ya Saruji

Kusoma sikusoma, ila stempu nazijua. Simioni Nyangwine, jirani yangu hapa Nyarero, alinionyesha moja yenye twiga mdogo mpaka siafu angemfunga kamba akamchunga. Msinicheke, nilimwona kwa macho haya.

Simioni alikuwa tarishi wa posta kule Bomani. Mwalimu Lusekelo, mtu wa Mbeya, alipoanzisha chama cha wakusanya stempu, alimfanya Simioni mtunzaji. Wenzao wakahamishwa, wengine tukawazika. Maboksi yakabaki kwake: stempu, na karatasi za majaribio kutoka kwa wachapaji, pamoja na barua zao za kueleza rangi gani ilikosewa hadi ikachapwa upya. Aliyaweka darini, juu ya jiko la mkewe Dorah. Moshi ukayakausha miaka yote. Panya aliyepanda huko alishuka anakohoa, akaenda zahanati mwenyewe.

Mwaka jana Agape, binti wa marehemu Lusekelo, mfanyakazi wa makumbusho, akapiga simu. Alisema masika yakiisha atakuja kuyachukua, yatunzwe kwa jina la chama. Simioni alishaanza kuumwa kifua. Akaniambia, "Mama Nchagwa, nikiyakabidhi tu, hata nife."

Basi mwanawe Vincent, mfanyabiashara wa Sirari, akamjengea nyumba ya bati, sakafu ya saruji. Upendo mtupu. Jiko la zamani akalibomoa. Maboksi akayapanga sakafuni chumbani kwa mzee, akayafunika turubai, akamwambia baba yake:

"Tata, sasa vitu vyako vinalala kama waziri!"

Mvua zikaja. Sakafu ile mpya ikatoa jasho kuliko ng'ombe wa plau.

Agape alipofika alituamkia shikamoo, akafunua turubai. Boksi la kwanza lilikuwa bonge moja, kama ugali uliolala. Stempu zimegandana kwa gundi yake, karatasi za wachapaji zimeota ukungu mweusi. Akafungua yote. Yote hivyo hivyo.

Vincent akashika kichwa. "Tata, nini kimefanya hivi?"

Dorah alijua. Mimi nilijua. Simioni alijua kutuzidi. Akamtazama mwanawe, akasema, "Karatasi nayo inazeeka, mwanangu. Hata ungeiweka wapi."

"Mzee huyu mwongo kunishinda," nikamnong'oneza Dorah. Hakucheka.

Agape akaondoka mikono mitupu. Vincent akawa anapiga simu kila asubuhi, kumuuliza baba yake kama nyumba haina baridi.

"Nzuri, mwanangu. Nyumba nzuri."

Alifia humo kabla mahindi hayajakauka shambani.