Bunduki Iliyofanya Kazi Vizuri

Mihayo hakuingia jeshini kwa kupenda vita. Mwaka 1942 mwanangwa, mkuu wa kijiji chao upande wa Mhunze, alitakiwa kutoa vijana, naye akazitazama nyumba zenye wana wengi kuliko ng'ombe. Nyumba ya baba yake Mihayo ilikuwa mojawapo. Lori lilipoondoka, mama yake alikimbia pembeni na kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi, lakini dereva hakupunguza mwendo, na kile kibuyu hakikumfikia mtoto wake.

Walipelekwa Burma, kwenye milima ya misitu ambako mvua ilinyesha mpaka mtu akasahau nguo kavu ilivyo. Huko Mihayo alifanywa nambari mbili wa brengani, bunduki ya rashasha ya watu wawili. Nambari moja, aliyepiga, alikuwa Athanas, Msumbwa wa kutoka magharibi ya Kahama, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Kazi ya Mihayo ilikuwa kubeba magazini, kuzijaza risasi, na kuzibadilisha upesi pale juu ya bunduki kila moja ilipokwisha.

"Usihangaike na mtutu," Athanas alimwambia siku za mwanzo. "Mtutu nitausugua mimi. Wewe nitunzie magazini. Bunduki isipolishwa ni fimbo."

Akamfundisha. Alimwonyesha kubonyeza kwa dole gumba kile kibao cha ndani kinachosukuma risasi juu, na kusikiliza springi inavyorudi. Ikipanda kwa kujivuta, imechoka, itupe. Alimwonyesha kupitisha kidole kwenye midomo ya bati inayoshika risasi ya juu. Ikipinda kidogo tu usiinyooshe kwa koleo, maana bati lililopinda mara moja litapinda tena siku mbaya. Alimkataza kuijaza magazini mpaka pomoni. Pafaapo thelathini tia ishirini na nane, springi ipate kupumua. Zaidi ya yote alimfundisha kupanga. Risasi zile zilikuwa na ukingo kwenye kitako, na kila iliyowekwa juu ilipaswa ukingo wake utangulie mbele ya ule wa chini. Ukikaa nyuma, risasi mbili zinashikana kama mbuzi waliokamatana pembe, na bunduki inanyamaza.

Mihayo aliishika kazi hiyo kama wengine walivyoshika rozari. Kila jioni, kabla giza halijaingia, alizimwaga risasi zote kwenye turubai, akazifuta matope moja moja, akafuta magazini ndani na nje, akapanga upya. Mafuta alitia kidogo sana, kwani mafuta mengi hukusanya uchafu. Wenzake walicheka. Athanas hakucheka, na bunduki yao haikuwahi kukwama.

Kisha homa ikamwangusha Mihayo. Alibebwa kwa machela hadi nyuma, kwenye mahema ya wagonjwa, na nafasi yake akapewa askari mgeni aliyekuwa bado anatetemeka kwa milio ya mizinga. Asubuhi moja Wajapani walipopanda kilima walichokuwa wakikilinda wenzake, bunduki ya Athanas ilisema kidogo, ikakata. Shaushi wao, mkubwa wa kundi lao, alikuja hemani kumpa Mihayo habari, akasimama kwenye miguu ya kitanda na kofia mkononi.

"Ilikwama?" Mihayo aliuliza.

"Ilikwama. Tumemkuta amekufa, kidole kimo ndani ya bunduki, alikuwa anajaribu kuichomoa ile risasi."

Mihayo aligeukia ukutani mwa hema. Tangu siku ile hakuna aliyemwona akicheka kwa kinywa wazi.

Alirudi nyumbani vita vilipokwisha, akaoa Paskalina, akapata binti, Scolastika. Walikuwa na pamba kidogo na ng'ombe wa baba yake. Halafu mvua zikakataa, ng'ombe wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na watu wakaanza kuchimba mizizi porini. Mihayo akabeba familia yake mpaka nchi ya Geita, ambako ilisemekana dhahabu inaajiri. Kwenye vilima karibu na Nyarugusu palikuwa na mgodi mmoja wa Wazungu, mdogo, ambao ulikuja kufungwa na jina lake likapotea. Msimamizi wa ulinzi alipojua kwamba huyu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, tena wa brengani, akamkabidhi stoo ya bunduki.

Zilikuwa bunduki za vita, za kukoki kwa mkono kabla ya kila risasi, na hali yake ilitia aibu. Vumbi jekundu la mgodi lilikuwa limeganda ndani ya magazini kwa mafuta ya ovyo. Nyingine nyigu walikuwa wamejengea udongo. Walinzi walikuwa wakibadilishana magazini kama watu wanavyobadilishana kofia, hali kila moja ilichongwa kukaa kwenye bunduki yake, na ukiihamisha kwa nyingine inacheza au inakaba. Mihayo alizichambua siku nyingi, akizijaribu moja moja kwenye kila bunduki mpaka kila moja ikapata bunduki yake. Zilizopinda midomo alizitupa, nyingine akazibadilishia springi. Alipomaliza, kila bunduki ilikula risasi bila kusita.

"Mzee Mihayo, unazibembeleza kama watoto wachanga," alisema Donatus, mlinzi wa zamu ya mchana, mtu wa maneno mengi asiyependa kuchekwa yeye.

"Sitaki mtu afe kidole kikiwa ndani ya bunduki," Mihayo alijibu.

Nje ya geti la mgodi mjane mmoja aitwaye Mbuke aliwauzia walinzi uji wa mtama. Mihayo alimwamkia kwa Kisukuma kila asubuhi, "Wang'aluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye alimwongezea upawa. Uji ulipokwisha, Mbuke na wanawake wenzake walipanda kwenye kifusi nyuma ya mgodi kuokota mawe yaliyotupwa, yale ambayo siku hizi watu wa Geita huyaita magwangala. Waliyaponda nyumbani na kuyaosha, wakipata chembe za dhahabu za kununulia chumvi na kaniki. Mgodi ulikataza. Wanawake walifukuzwa, wakarudi.

Siku moja msimamizi alitoa amri wafukuzwe kwa risasi za hewani. Donatus akatumwa. Wanawake walipomwona anapanda kifusi, akiteleza na kushika mawe kwa mkono, mmoja akasema neno na wote wakacheka. Donatus akapiga juu, wakakimbia. Mbuke alikuwa amefika chini, akainama kuchukua karai lake, mgongo ukielekea kifusi.

Mihayo alikuwa stoo. Alisikia mlio wa kwanza, kisha ukimya wa pumzi moja, kisha wa pili. Alijua kilichotokea katikati: mkono umerudisha nyuma chuma cha kukokia, magazini imesukuma risasi juu, chuma kimeipeleka mbele. Alikimbia.

Mbuke alikuwa amelala kifudifudi, karai limefunikwa chini ya kifua chake. Donatus alisimama hapo hapo, mdomo wazi. Mihayo alimnyang'anya bunduki na, kwa mazoea ya mikono, akachomoa magazini. Risasi zilizobaki zilikuwa zimekaa sawasawa, kila ukingo mahali pake. Alibonyeza kwa dole gumba. Springi ikarudi laini, bila kujivuta.

Kesho yake msimamizi alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Utamwambia hakimu magazini ilikuwa mbovu. Risasi ikatoka yenyewe."

"Bwana, magazini haipigi. Inalisha tu. Mtu ndiye anayekoki, na mtu ndiye anayevuta."

"Najua kama unavyojua wewe. Sikukuita unifundishe." Msimamizi hakupandisha sauti. "Vifaa chakavu, ajali, mambo yaishe. Ukisema vingine, hapa huna kazi, na nyumba ile ni ya mgodi."

Jioni Donatus naye alikuja, akachuchumaa mlangoni asikubali kigoda. "Kaka, nina watoto. Shetani alinipitia."

"Ulikoki," alisema Mihayo. "Shetani hakukusaidia kukoki."

Donatus alipoondoka, Paskalina aliendelea kupepeta mtama. Mwishowe akauweka ungo chini.

"Baba Scolastika, tukifukuzwa tutakula nini?"

"Sijui."

"Nami sijui. Lakini mimi ni mmoja wa tuliouosha mwili wa Mbuke. Tundu liko mgongoni." Akauchukua tena ungo. Hakumwambia aseme nini.

Kesi ilisikilizwa Geita, kwenye boma. Mihayo alisimama, akaapa, akasema kwamba bunduki ilikuwa nzima, magazini nzima, na kwamba risasi ya pili haiwezi kufika kwenye mtutu mpaka mtu aipeleke kwa mkono wake. Hakimu alimsikiliza kwa adabu. Kisha akamsikiliza msimamizi, aliyesema bunduki zake ni za zamani na haziaminiki, na kwamba mwanamke yule alikuwa mahali palipokatazwa baada ya onyo. Hukumu ikatolewa kabla ya chakula cha mchana. Ajali. Donatus aliachiwa, na baadaye ikasikika amepewa kazi ya ulinzi kwingine.

Nje ya boma dada yake Mbuke, Mageni, alimshika Mihayo mikono yote miwili huku machozi yakimtoka.

"Wewe peke yako umesema kweli. Mungu akuzidishie."

"Usinishukuru, mayu," alisema Mihayo. "Bunduki ile ilikuwa haifanyi kazi. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Mageni alimtazama kama hakuelewa, halafu akaelewa. Akaitoa mikono yake taratibu, akajitanda kanga, akaenda zake.

Wiki ile ile walitolewa nyumbani. Walirudi Mhunze, sehemu kwa lori la pamba na sehemu kwa miguu, Scolastika akiwa mgongoni mwa baba yake. Mihayo alishika jembe. Miaka mingine pamba ilikubali, miaka mingine haikukubali. Hakuzungumzia Burma wala Geita, na watu waliomwita kwenye pombe za askari wa zamani walichoka kumwita.

Mwaka mmoja nguruwe pori walizidi, na mwanangwa akapewa na serikali bunduki ya aina ile ile ya kukoki. Ilikuwa inakwama. Wazee walikuja kwa Mihayo, wakamwekea bunduki mezani, magazini imechomolewa kando yake.

"Tunasikia wewe ni fundi wa hizi."

Mihayo aliitazama bila kuigusa. Kutoka pale alipoketi aliona mdomo mmoja wa magazini umepinda kidogo upande wa kushoto.

"Nimesahau," alisema.

Walimbembeleza, wakamkasirikia, wakaondoka nayo. Msimu ule nguruwe walikula viazi vya kijiji kizima, vyake vikiwemo, na kuna majirani ambao hawakumsamehe mpaka anazikwa.