Mguu Uliotangulia Kwenye Breki

Wewe cheka tu. Mimi nilikuwepo, na huu mguu wangu wa kulia ndio shahidi.

Mimi ni fundi wa magari hapa Voi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini gereji hii nimeijenga kwa mikono hii, na juu ya mlango nilitundika kibao chenye maandishi mekundu: FUNDI ASIYESHINDWA. Nani angenibishia?

Asubuhi moja akaja Mama Wakesho, mjane wa huko Bura, na gari la marehemu mumewe, dizeli kuukuu. Shida ilikuwa kruzi, kile kifaa cha kushika mwendo ili mguu wa dereva upumzike. Ukiweka themanini inashika vizuri, halafu njiani inaachia yenyewe.

"Fundi, kabla hujafungua, nikuambie inaachia wapi," akaanza.

"Mama, gari haliongei na mwenyewe. Linaongea na mimi."

Juma, fundi jirani yangu, akacheka. "Msikize mama wa watu, yakhe. Hiyo imeshanitoa jasho mimi."

"Wewe si mimi. Isipopona leo, nashusha kile kibao mbele ya macho yako."

"Wallahi nakuletea ngazi!"

Nikakagua fyuzi, nikakagua waya, nikabadilisha swichi ya breki. Maana kruzi huachia pale swichi ile inapoiambia kwamba dereva amekanyaga breki. Nikafunga pia balbu ndogo juu ya dashibodi: breki ikikanyagwa, inawaka. Hapo mwongo lazima ajulikane.

Adhuhuri tukashika barabara ya Taveta, mimi kwenye usukani, mama kando yangu. Mwatate tukaipita, Bura tukaipita. Miguu nimeikunja nyuma kabisa, themanini imesimama kama imepigiliwa misumari. Nikaanza hata kupiga mluzi. Mara, tulipokaribia mwamba mkubwa ulio upande wa kulia, balbu ikawaka. Kruzi ikaachia.

Nani amekanyaga?

Tukarudi nyuma, tukapita tena. Palepale. Mama akafungua mdomo, nikamwinulia mkono anyamaze. Kichwani nilikuwa naona ile ngazi ya Juma tu. Basi nikasimamisha gari, nikafanya jambo ambalo fundi hafai kufanya: nikakata waya unaopeleka habari ya breki kwenye kruzi. Sasa tuone itaachiaje.

Niamini. Tulipopita mara ya tatu balbu iliwaka, lakini kruzi haikuachia. Injini ikanguruma, inavuta, na gari linazuiwa. Harufu ya breki kuungua ikajaa ndani. Nikatazama chini. Pedali ya breki ilikuwa imeshuka yenyewe, imebaki chini, na hakuna kilichoigusa. Jua la mchana hilo, peupe kabisa! Nikapeleka mguu nikanyage, gari lisimame. Haukufika kwenye pedali. Ulikuta mguu mwingine umetangulia.

Sikuuona. Sikudanganyi, sikuona kitu. Lakini nilikuwa nimevaa ndala, na vidole vyangu viligusa vidole, mfupa, ngozi baridi kama jiwe la mtoni. Haukusogea.

Mimi, mwanamume na gereji yangu, nikapiga mayowe kama mtoto. Mama hakupiga. Alinyoosha mkono, akazima kruzi, akautazama ule mwamba.

"Baba Wakesho, tumekusikia," akasema taratibu. "Wazee tunawasalimu. Tupisheni."

Balbu ikazimika. Pedali ikainuka polepole, kama mtu anayeondoa mguu wake bila haraka.

Nikaegesha kando ya barabara. Mama akaanza kueleza.

"Ndilo nililotaka kukuambia asubuhi. Kwenye pango la mwamba ule ndiko yalikowekwa zamani mafuvu ya wazee wa ukoo wa mume wangu. Yeye hakupita hapa hata siku moja bila kupunguza mwendo na kusalimia. Na gari aliliendesha miguu mitupu."

"Lakini mama, wewe mbona unapita salama?"

"Kruzi inaachia hata kwangu, nilitaka tu kujua kama ni swichi. Lakini mimi nasalimia. Wewe ulipita ukipiga mluzi."

Nikaunga ule waya palepale. Jioni Juma aliniona nimebeba ngazi yangu mwenyewe. Alikuja mbio ili acheke, akaniangalia usoni, akaishika ngazi isiyumbe. Kibao nilikishusha mimi, hakuna aliyenishushia, hilo ulijue.

Mpaka leo wayo huu una baridi. Voi hii ya joto la kukaanga yai juu ya boneti, mimi navaa soksi mguu mmoja. Mke wangu hataki umguse kitandani. Na kila nikipita mwamba ule, kwa gari la mtu yeyote, mguu unakwenda kwenye breki bila kuniuliza. Hata nikiwa abiria, unakanyaga sakafu.

Kwa hiyo wewe uliyenunua gari la marehemu, na wewe fundi mwenye kibao kikubwa kuliko changu: gari likikataa kupita mahali kwa mwendo unaoutaka wewe, usikate waya. Muulize mwenyewe, umwache amalize. Na ukitoka Bura kwenda Maktau, punguza, salimia. Ukipuuza, sawa, kichwa ni chako. Ila pedali ikishuka yenyewe, usipeleke mguu wako.