Kalkulasi Jikoni Kwangu

Nilirudi shule nikiwa mama wa watoto wanne. Mimi niliishia kidato cha tatu, nikaolewa, na miaka yote ya kuuza madera sokoni Isiolo nilijiambia iko siku nitamaliza. Siku hiyo ilipokuja, ikawa nitafanya mtihani mwaka mmoja na binti yangu mkubwa.

Darasa la watu wazima lilikuwa Jumamosi. Mwalimu wetu wa hesabu, kijana mpole kutoka upande wa Meru, alitufundisha vizuri mpaka akafika kwenye kalkulasi. Hapo akafunga kitabu.

"Hii, mama zangu, rukeni tu," akasema. "Watu wazima huwa wanairuka."

Angesema ni ngumu, ningeiruka kwa furaha. Lakini hiyo "watu wazima" ilinichoma. Nikaenda moja kwa moja kwa binti yangu, nikamwambia anifundishe.

Sikujua nimejipeleka kwa askari. Kila siku baada ya swala ya alasiri aliandika kwa chaki kwenye mlango wa bati wa jikoni, nami nimekaa kwenye kigoda nikikoroga chai. Kujibu bila kuinua mkono ilikuwa marufuku. Jikoni kwangu mwenyewe, mwiko mkononi, naomba ruhusa ya kusema!

Alianza na kasi. "Lori la baba liko barabarani. Tunataka kasi yake papo hapo, si ya safari nzima."

Nikainua mkono. "Papo hapo lori liko mahali pamoja. Si limesimama?"

"Halijasimama, hooyo," akasema, maana kwetu mama ni hooyo. "Tunachukua muda kidogo, tunaupunguza, tunaupunguza tena, unakaribia sifuri."

"Unafika?"

"Haufiki. Unakaribia tu."

Nikaelewa mara moja. Mume wangu huendesha lori la Moyale, na kwenye simu yeye hukaribia. Yuko Merille. Ameshapita Archers. Yuko hapo tu kwenye kizuizi cha polisi, pakua chakula. Na chakula kinapoa. Nilipomweleza mwalimu wangu wa jikoni hivyo, alicheka mpaka chaki ikamponyoka.

Siku nyingine tukaingia kwenye vipeo. "Kile kidogo cha juu kinashuka mbele, halafu juu unapunguza moja," akasema. Hiyo niliiweza. Lakini mwisho wa mstari kulikuwa na saba, imekaa peke yake.

"Na hii saba?"

"Inakufa."

"Imekosa nini?"

"Haibadiliki, hooyo. Hapa kisichobadilika kinakufa."

Nilimtazama mama mkwe, aliyekuwa kwenye mkeka mlangoni akivuta tasbihi. Hajabadilika tangu niolewe, na afya yake ni njema kabisa.

"Mnaongea habari ya nani?" akauliza.

"Ya saba, nyanya," binti akajibu.

"Mwenyezi Mungu amrehemu."

Ajabu zaidi ilikuwa kurudi nyuma. Ukiigeuza hesabu, marehemu anafufuka, ila hamjui alikuwa saba au sabini, kwa hiyo mnamwandika C. "Kumbe mnaua mtu kisha mnasahau jina lake," nikasema. Nikaamriwa kuinua mkono.

Siku ya mtihani nilifika shuleni na buibui langu jeusi. Msimamizi akanizuia mlangoni kwa adabu.

"Mama, wazazi wanangojea nje ya geti."

"Mimi ni mtahiniwa."

Akaangalia kitambulisho, akaniangalia, akaangalia tena. "Haya. Karibu, mtahiniwa." Dawati lilitengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yangu yalikataa kuingia, nikakaa upande kama abiria wa bodaboda. Msichana wa dawati la jirani alinong'ona, "Mum, uko na rula ya ziada?" Nikampa kabla sijakumbuka kwamba hatukuruhusiwa kuongea. Msimamizi akanikazia macho, nikainamisha kichwa.

Kalkulasi ilikuwepo. Walitaka nirudi nyuma mpaka kwenye hesabu ya mwanzo, na safari hii walitoa dalili za kumtambua marehemu. Alikuwa tano. Nilimwandika, nikampigia mstari chini.

Matokeo yalipotoka, binti yangu alitafuta yangu kwenye simu kabla ya yake. Hesabu, C. Yeye mwenyewe alipata B. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Mume wangu akachinja mbuzi. Madereva wenzake walikuja, wakala, wakampongeza binti. Mzee mmoja kati yao akanigeukia.

"Na wewe mama, hiyo C utafanyia nini?"

"Naenda kusomea ualimu wa chekechea."

Akatafuna polepole, akifikiri. "Siku hizi watoto wa chekechea wanafanya kalkulasi?"

"Bado," nikamwambia.